Buti za Mtu wa Balangdalalu

Mimi nina hasira za karibu. Mtu akiniudhi asubuhi, hadi kufika mchana nimeshamsema, nimeshamsamehe, na nimeshamuuliza watoto hawajambo. Kwa hiyo mkisikia kwamba nilifunga banda langu tangu asubuhi, tena siku ya mvua, mjue kwamba siku hiyo niliudhiwa hasa.

Banda lenyewe liko ndani ya Bustani ya Bwana Shauri, hapa hapa Mbulu mjini. Bwana Shauri alikuwa mkubwa wa serikali enzi za ukoloni. Alipandisha mijakaranda, akachimbisha watu mfereji wa maji kutoka kilimani, na katikati ya bustani akaweka jiwe pana lenye ngazi mbili, juu yake kulikuwa na sijui mzinga, sijui sanamu. Alipoondoka, cha juu kikaondoka. Kibao cha shaba kikaenda na wanunuzi wa vyuma chakavu. Jiwe likabaki, na mfereji ukabaki, unapita pembeni ya jiwe na maji yake ya baridi ya kukufanya useme maneno ambayo hukuyapanga.

Sasa, wewe uliyetembea huku kwetu wakati wa masika unayajua matope yetu. Yanashika mguu na hayana haraka ya kuuachia. Unatoka kijijini na buti za mpira, ukifika mjini umefanana na mtu aliyekuwa anafyatua matofali. Na umekuja hospitali, au benki, au kanisani kwenye harusi ya binti wa dada yako. Utaingiaje hivyo? Basi unapita bustanini, unakaa kwenye jiwe, unaosha miguu, unavaa viatu vyako vya heshima, na buti unamwachia Mama Tekla. Mama Tekla ndiye mimi. Kanisani nimeandikwa Genoveva.

Miaka kumi na tisa natunza viatu vya watu. Mwingine ananipa mahindi, mwingine maharage, mwingine ananipa asante na mimi naipokea. Wengine viatu vyao vya heshima vinalala kwangu moja kwa moja, kwenye sanduku, vimefungwa gazeti. Na nina sharti moja ambalo sijalivunja: sisemi nani kaacha nini. Kuna watu wanapita hapa mjini shingo wima, suti imenyooka, ukiwatazama utadhani walizaliwa kwenye lami. Buti zao nazijua hadi tundu. Lakini sisemi.

Na katika banda hilo, chini kabisa, nyuma ya sanduku, kuna jozi moja ya buti nyeusi ambazo hazijafuatwa. Mtu akiziona akiuliza, namwambia ni za mtu mmoja wa Balangdalalu, atazifuata. Balangdalalu ni mbali, huko Hanang, hakuna atakayekwenda kuhakikisha.

Ninyi nawaambia ukweli kwa sababu hamnijui. Buti zile ni za Baltazar, mume wangu. Alikuja hospitali kupimwa tumbo, siku ya mvua, mimi nikamsindikiza. Akakaa kwenye jiwe, akaosha miguu, akavaa viatu vyake, akanikabidhi buti, akasema, "Nishikie, narudi sasa hivi." Hakurudi. Walimlaza, siku ya tatu nikaitwa. Baada ya matanga ndugu zake walikaa kugawana nguo zake, kama ilivyo desturi. Koti kwa huyu, blanketi kwa yule. Wakauliza, "Na buti?" Nikasema zimepotea. Mimi, mwimbaji wa kwaya, nikawatazama mashemeji zangu machoni nikasema zimepotea. Nilikuwa nimezificha kwenye debe la pumba.

Wiki iliyofuata nikarudi nazo bustanini. Sijui nilikwenda kufanya nini. Nilikaa tu kwenye jiwe, buti mapajani. Akapita mama mmoja na mtoto mgonjwa mgongoni, anaharakisha, akanitazama akadhani ndiyo kazi yangu. Akavua zake akaniambia, "Na mimi niwekee, mama." Nikamwekea. Ndivyo nilivyoanza.

Basi. Mwaka huu wakaja watu wa mradi. Bustani inahuishwa, wakasema, tena kwa maoni ya wananchi wenyewe. Afisa wao ni binti anaitwa Sikuzani, mtoto wa watu wa biashara ya vitambaa Dongobesh, binti mzuri, mwenye adabu. Alinikuta bandani akainama kabisa, "Shikamoo mama," akaniomba nisikose kikao. Nilimpenda palepale, na ndiyo maana iliniuma zaidi.

Kikao cha kwanza kilifanyika ukumbini, ng'ambo ya barabara. Asubuhi yake nilipokea jozi sitini na moja. Watu walitoka hadi vijijini, maana bustani ile ni ya wote. Jiwe lilikuwa na foleni, mfereji ukawa mwekundu. Wakaingia ukumbini wanang'aa.

Sikuzani akawasha projekta. Tukaona bustani yetu imekuwa kama Ulaya. Vitofali vya rangi, viti vya chuma, maua, herufi kubwa za NAIPENDA MBULU za kupigia picha. Mfereji hauonekani, umeingizwa kwenye bomba chini kwa chini. Na lile jiwe limesafishwa, limezungushiwa mnyororo, na kibao: URITHI WETU. USIKANYAGE. Mahali pa banda langu palikuwa na ua la duara.

"Kuna mwenye maoni?" akauliza.

Ninyi hamtujui sisi. Mgeni akitandika kitu mbele yetu, hata kama hatukipendi, tutasema kizuri. Kumkosoa mgeni mbele za watu ni kumtukana. Akasimama Agustino, mwenyekiti wetu wa mtaa, akashukuru kwa niaba ya wote. Watu wakapiga makofi. Nikaona wananizika hivi hivi, nikasimama.

"Jiwe hilo," nikasema, "watu wanalikalia. Wanaosha miguu hapo. Mkilifunga mnyororo watakwenda wapi?"

Sikuzani hakukasirika, alifurahi kupata maoni. Akaugeukia ukumbi: "Jamani, mama anasema jiwe linatumika. Wanaolitumia wanyooshe mikono tuwahesabu."

Hakuna mkono.

Nikadhani hawajasikia. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Jozi sitini na moja ziko bandani kwangu, na wenyewe wamekaa hapo, viatu vinameremeta, wanatazama dari! Agatha, mshonaji, rafiki yangu wa kula naye sahani moja, anakagua kucha. Agustino, ambaye shamba lake liko ng'ambo ya mto na buti zake hulala kwangu hata siku ya Krismasi, ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ananijulia wapi.

Niliwaelewa, msidhani sikuwaelewa. Nani atasimama mbele ya afisa na projekta aseme, mimi huja mjini na matope hadi magotini? Mtu ameamka alfajiri ili asijulikane, halafu ajitangaze? Niliwaelewa, na nilitamani kuwachapa wote.

"Asante mama, tumepokea," akasema Sikuzani kwa upole. Akaandika kitu kifupi sana. "Wiki mbili kutoka leo tutakutana kupitisha."

Walipotoka walikuja kwa aibu aibu kuchukua buti zao. "Mama Tekla, unajua tena…" Nilimrushia kila mtu zake. Agatha alisimama pembeni hadi wote wakaondoka, akasema, "Usinune, shoga. Niliona haya." Nikamwambia, "Na mimi naona haya kukujua."

Wiki mbili zile sikulala vizuri. Kuhama banda si shida, mabati manne nayabeba kichwani. Lakini jiwe? Mimi nimekaa pale miaka kumi na tisa kwa sababu ndipo aliponiambia nishikie. Nitamshikia wapi pengine? Nyumbani ataniulizia? Najua ni ujinga. Najua alikozikwa, nimepanda maua mwenyewe. Lakini moyo una mahali pake pa kukaa, na wangu ulikuwa umekaa pale, nao sasa wanauwekea mnyororo na kibao.

Siku ya kikao cha pili ilinyesha mvua ya kufungulia mabomba. Nikasema, vizuri sana. Nikafika mapema, nikafunga banda kwa kufuli, nikafungua mwavuli, nikakaa katikati ya jiwe, miguu nimeinyoosha upande huu, kapu nimeliweka upande ule. Nilikaa kama ng'ombe aliyegoma kwenda mnadani.

Wakaanza kufika. Wa kwanza Agustino, suti ya kijivu, tai nyekundu, buti zimejaa tope.

"Mama Tekla, shikamoo. Nipishe kidogo ninawe."

"Marahaba. Unawe wapi?"

"Si hapo kwenye jiwe."

"Jiwe gani? Hakuna anayelitumia. Walihesabiwa."

"Mimi sikusema silitumii. Nilinyamaza tu."

"Basi na leo nyamaza."

Akacheka, akidhani natania. Alipoona kufuli akaacha kucheka. Wakaja wengine, wakajazana. Wakanibembeleza, wakanitishia, mmoja akaniahidi debe la maharage ya Maretadu, yale ya rangi, na nakiri hapo niliyumba kidogo. Agatha akasema, "Shoga, nikufie." Nikamwambia, "Kufa, lakini si juu ya jiwe la urithi." Wengine wakajaribu kunawa mferejini wamechuchumaa, tope la ukingoni likawapaka zaidi. Na viatu vya heshima vya nusu yao viko ndani ya banda. Kengele ya ukumbi ikalia. Wakatazamana, wakaanza kuvuka barabara na buti zao, mmoja mmoja, kama watoto waliokamatwa.

Nilikuwa nafurahi hasa. Ndipo akatokea mzee Tluway.

Mzee Tluway anatoka Maretadu, huja kila mwezi kliniki ya presha. Viatu vyake vyeusi vinakaa kwenye sanduku langu mwaka mzima. Huja na katambuga zake za tairi, na siku hiyo moja ilikuwa mguuni na nyingine mkononi, mkanda umekatika. Mguu mtupu umekuwa bluu kwa baridi. Na mbaya zaidi, yeye kosa hana. Kikao cha kwanza hakuwepo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, binti yangu. Mbona umelala njiani?"

Nikamweleza yote, kwa sauti ya juu. Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Umefanya vizuri," akasema. "Sasa nipe viatu vyangu."

Hapo pakawa pagumu. Nikitoa viatu vya heshima hata vya mtu mmoja, mgomo umekwisha, nitachekwa hadi Katesh. Lakini nimwache mzee wa miaka sabini na tano aingie na mguu mtupu kwenye baridi ile? Nikafikiri. Kisha nikajiambia: buti si viatu vya heshima. Buti hazivunji mgomo.

Na bandani siku hiyo kulikuwa na jozi moja tu ya buti.

Nilifungua kufuli, nikaingia, nikakaa chini kwanza. Kisha nikazitoa. Nilikuwa nazipaka mafuta kila mwezi, mpira wake ulikuwa bado laini. Nikazifuta kwa kanga yangu nikamletea.

"Za nani hizi?" akauliza.

"Za mtu mmoja wa Balangdalalu. Usizichane."

Akazitazama. Akanitazama mimi. "Wa Balangdalalu," akasema. "Haya. Nitamtunzia."

Akavaa, akavuka barabara. Nilivumilia kidogo tu, nikashindwa, nikamfuata. Nikasimama mlangoni pa ukumbi na mwavuli wangu.

Jamani, ule ukumbi! Clement, mtunza ukumbi, alikuwa amepaka sakafu rangi nyekundu ya kung'arisha tangu asubuhi. Sasa ilikuwa kama zizi. Alikuwa amekaa pembeni na dekio lake mkononi, anasema peke yake, "Mmeniua. Mmeniua leo." Watu wamekaa wima, tai na vitenge, na chini buti zinatiririka.

Sikuzani aliingia na viatu vyeupe, akafika katikati akasimama. Akatazama sakafu. Akatazama miguu, mstari kwa mstari. Huyu binti ana akili, nawaambia. Hakuwasha hata projekta.

"Wiki mbili zilizopita pia mvua ilinyesha," akasema. "Na mlikuja viatu vinang'aa. Mlibadilishia wapi?"

Wakatazama dari. Mimi mlangoni nikasema moyoni, Mungu wangu, hata leo? Hata leo na matope haya?

Mzee Tluway akanyoosha mkono, akasimama taratibu.

"Mwanangu afisa," akasema, "mimi sikuwepo siku ile, nisamehe. Nataka kuuliza. Jiwe mnalifunga mnyororo kwa sababu ni la urithi. Urithi wa nani?"

"Wetu sote, babu. Ni historia ya bustani."

"Mimi mfereji ule baba yangu aliuchimba. Yeye na wenzake, bila malipo, na wakikaa kwenye jiwe wanafukuzwa. Sisi tukaja tukalikalia. Ndiyo historia ninayoijua mimi." Akainua mguu mmoja, buti ikaonekana. "Na hizi buti nilizovaa si zangu. Ni za mtu mmoja wa Balangdalalu. Aliosha miguu kwenye jiwe lile akamwachia mtu, akasema anarudi. Zinamsubiri mwaka wa kumi na tisa sasa. Sijawahi kusikia zimekosa mtu wa kuzishika hata siku moja. Sasa mkizungusha mnyororo, akija, azifuate wapi?"

Nilitaka kukimbia. Mimi nawajua watu wa hapa: likisemwa jambo geni, vichwa vyote vinageuka kutafuta mwenyewe. Nikasubiri vigeuke. Nilishika mwavuli hadi vidole vikauma.

Hakuna hata mmoja aliyegeuka. Hawakumwuliza jirani nani huyo. Agustino aliinamisha kichwa, akavua kofia. Agatha alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitenge, mgongo umenielekea. Ukumbi mzima ulitazama mbele, makusudi kabisa, kama watu wanaompisha mtu avae nguo.

Ndipo nilipojua kwamba walijua. Wote. Walijua tangu mwanzo buti zile ni za nani, na mashemeji zangu walijua, na kila aliyeniuliza nikamjibu wa Balangdalalu alikwenda zake akanyamaza. Mimi nilijiona hodari wa kutunza siri za watu miaka kumi na tisa. Kumbe na wao walikuwa na ya kwangu.

Sikuzani akashika kalamu. "Huyo wa Balangdalalu anaitwa nani? Ningependa kuzungumza naye, niandike maoni yake."

"Ni mtu wa mbali, afisa," akasema Agustino haraka. Akasimama na buti zake na tai yake nyekundu. "Huyo mwache. Niandike mimi. Agustino, mwenyekiti. Naosha miguu kwenye jiwe lile siku zote za masika, na buti zangu zinalala kwa Mama Tekla. Siku ile niliona haya."

"Na mimi," akasema Agatha.

Baada ya hapo mikono ikawa mingi, Sikuzani akashindwa kuhesabu. Akabandua mchoro wa bustani uliokuwa ukutani, akaulaza mezani, akaukata mnyororo kwa kalamu nyekundu. Akauliza ngazi ziongezwe ngapi, mfereji uachwe wazi hadi wapi, banda liwe na mabati au vigae. Watu walipopewa ruhusa ya kusema, hawakunyamaza tena. Walibishana hadi saa nane, hata zile herufi za kupigia picha wakazihamishia karibu na choo. Clement peke yake ndiye hakufurahi.

Mimi nilishatoka. Nilikwenda kufungua banda. Walipokuja, nilikuwa nimeshapanga viatu vya watu kwenye ngazi za jiwe, kila jozi mahali pake, na sikumsema mtu. Agatha nilimpa cha kushoto kwanza nikakificha cha kulia, ili tu asidhani yamekwisha kirahisi.

Mzee Tluway alikuja wa mwisho. Akakaa kwenye jiwe, akavua buti, akaziosha mferejini vizuri, ndani na nje, akazifuta kwa koti lake. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mwenyewe akija," akasema, "mwambie zinabana kidogo kidole gumba. Lakini ni buti nzuri."

Nilizishika. Zilikuwa na joto la miguu yake. Miaka yote ile zilikuwa baridi.

"Mwenyewe haji, babu," nikasema. Sijawahi kuyasema maneno hayo kwa mtu yeyote, hata kwa padri. "Baltazar haji tena. Nenda nazo, mkanda wako umekatika."

Hakushangaa. Akazichukua, akavaa moja, akavaa nyingine, akasimama akakanyaga kanyaga kuzijaribu. Akaenda hatua kama kumi kuelekea barabarani, kisha akageuka.

"Lakini kliniki nakuja kila mwezi," akasema. "Nitakuwa naziacha kwako."

"Ziache," nikamwambia. "Nitakushikia."